Gemu ya Njano na Gemu Nyeusi

Nimeosha sufuria moja mara tatu tangu asubuhi. Nimetoka nje, nimerudi ndani, nimefungua friji bila kutaka kitu, nimeifunga. Yote haya ni kwa ajili ya picha iliyoingia kwenye simu yangu jana. Ameileta rafiki yangu wa utotoni, mtoto wa mama Mkongo, ambaye nilikua naye kule Port Bell, bandari ya Kampala, kabla familia yao haijapelekwa ng'ambo. Pichani kuna gemu mbili za zamani, zile za kuchomeka kwenye televisheni, ziko ubavu kwa ubavu juu ya zulia lake huko kwenye baridi. Anasema amezitafuta miaka miwili mpaka akazipata zote.

Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti. Sauti yake imekuwa nzito siku hizi, lakini Kiswahili ni kilekile cha Goma alichokuja nacho. "Wewe njo ulicheza zote mbili," alisema, na "njo" yao ni "ndiye" yetu. "Sema ukweli sasa. Ya kwetu na ya mutoto wa afande, ipi ilikuwa muzuri?" Halafu akacheka, akaongeza la kupitisha muda tu: "Unajua yaya mpaka leo akitaka kupiga pasi anazima kila kitu ndani ya nyumba? Televisheni, friji, mpaka taa. Batoto bake banamucheka!"

Yaya ni dada yake mkubwa. Kwao dada mkubwa huitwa hivyo, na mtaani wote tulimwita hivyo. Nilicheka pamoja na ile sauti, peke yangu jikoni, kisha kicheko kikanikauka. Maana pasi ya yaya haikuunguza kitu. Aliyeunguza gemu yao ni mimi, na kwa karibu miaka thelathini nilikuwa sijamwambia mtu. Jana nikajua kwamba yeye bado anaubeba mzigo wangu, mbele ya watoto wake, kila anapotaka kunyoosha nguo. Ilibidi nimpigie simu. Wewe kaa hapo nikusimulie, mimi kukaa siwezi.

Tulikuwa tunapanga kwenye mteremko unaoshuka bandarini. Baba yangu ni Mkenya aliyeletwa Uganda na kazi ya zile meli zinazobeba mabehewa ya treni, na behewa lilipoingizwa melini tulisikia kishindo mpaka vikombe vikagongana kabatini. Upepo ukivuma kutoka ziwani unaleta harufu ya mukene, vile visamaki vidogo vilivyoanikwa juu ya nyavu kuukuu, na mama yangu anakimbia kuanua nguo huku akilalamika. Majirani walikuwa mchanganyiko: askari magereza, Wakenya wa meli, Wakongo wa biashara, na Waganda wenye nyumba. Kilichotuunganisha ni Kiswahili, kila mtu na chake. Leo nafundisha Kiswahili sekondari, na nikikumbuka tulivyokuwa tukizungumza naona kalamu nyekundu ingeisha wino. Lakini tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na walimu wenzangu.

Umeme ulikuwa wa zamu. Leo upande wa juu wa barabara, kesho upande wa chini. Ukikatika, watoto wote wanapaza sauti "Gavuddeko!", yaani umeondoka, utadhani kuna mtu ambaye hajaona, na siku inayofuata upande wa pili wanashangilia. Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyopangika. Gemu moja ilikuwa juu, kwa mama Mkongo. Nyingine ilikuwa chini, kwa afande wa magereza aliyepanga vyumba viwili karibu na bomba la maji. Kwa hiyo hazikuwahi kuwaka siku moja hata mara moja. Aliyetaka kuzilinganisha ilibidi abebe ya jana kichwani, na jana ya mtoto unaijua ilivyo na chumvi.

Ya juu tuliiita Njano, ingawa yenyewe ilikuwa nyeupe iliyochakaa yenye mistari myekundu. Kaseti zake ndizo zilizokuwa za njano. Moja iliandikwa juu yake kwamba ina michezo elfu tisa mia tisa tisini na tisa, na tulihesabu wenyewe tukafika saba. Baada ya hapo vinarudi vifaru vilevile, mara vimebadilishwa rangi, mara unaanza ukiwa na roho moja badala ya tatu. Hatukujali. Njano ilikuwa na bastola ya plastiki, ilikuwa na kitufe cha kufyatua mfululizo, na ilikuwa na muziki ambao ukiusikia asubuhi unaosha nao vyombo mpaka jioni. Waya za vishikio vyake zilikuwa fupi mno, ikabidi tukae pua zetu zinakaribia kugusa kioo. Kaseti ikigoma unaipuliza, ikigoma tena unaipuliza na mate kidogo, halafu mwenye nyumba anakupiga kofi la mgongo.

Ya chini tuliiita Nyeusi, na ilikuwa nyeusi kweli, nzito, yenye adabu. Kaka yake afande alikuwa ameileta kutoka ng'ambo. Ilikuwa na kaseti nne tu, lakini nne zenyewe ni nne, hakuna kujirudia, na hata bila kaseti ilikuwa na mchezo wake ndani uliozaliwa nao. Ila walioitengeneza walifanya jambo la ajabu: kitufe cha kusimamisha mchezo hawakukiweka mkononi, walikiweka kwenye mashine yenyewe. Ukitaka kwenda chooni ni lazima uinuke ukakibonyeze, na ukifika umeshakufa. Kwa hiyo kila mchezo ulihitaji mtu wa kukaa pembeni ya mashine kazi yake ni kusimamisha. Mtu huyo alikuwa mimi. Msichana kiguu na njia, asiyeweza kutulia dakika mbili, nikapewa kazi ya kukaa karibu na kitufe, na ndiyo iliyonipa ruhusa ya kuingia kwa afande.

Nyumbani kwetu kulikuwa na redio tu. Nikimaliza jerikeni zangu za maji na kumenya matoke, natoka mbio kwenda upande wenye umeme. Watoto wa juu hawakushuka na wa chini hawakupanda, walikutana bombani kutukanana. Mimi peke yangu nilikula pande zote. Chini nilipewa kikombe cha chai na mkate, juu nilipewa fufu, ugali wao wa muhogo, na sombe, kisamvu kilichotwangwa mpaka kikalainika. Nilibeba maneno huku na kule, na sikuyafikisha kama nilivyoyapokea.

"Magemu yenu iko saba, nyinyi nasema elfu tisa!" mtoto wa afande alisema bombani.

"Na yenu iko na rangi gani?" rafiki yangu alimjibu. "Televisheni ya baba yako inajua tu kijivu."

Hapo ndipo palipouma. Televisheni ya afande ilikuwa ya zamani, isiyo na rangi. Mtoto wake alikuwa anaapa kwa jina la Mungu kwamba Nyeusi ina rangi kuliko gemu yoyote Kampala, na ushahidi wake ulikuwa picha ya kwenye boksi. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kuziona. Televisheni ya rangi ilikuwa kwa mama Mkongo, na pale Nyeusi haikuwahi kutia mguu.

Kuna jambo kuhusu Njano ambalo watoto wa chini hawakulijua. Mimi nalijua kwa sababu mama Mkongo alinisimulia siku moja nikimshikia kinu. Gemu ile aliinunua baba wa watoto, Goma, miezi michache kabla vita havijawafikia. Walipokimbia, mama alibeba sufuria na blanketi, yaya alibeba mtoto mdogo, na rafiki yangu akakataa kuondoka bila gemu yake, ikafungwa mgongoni mwake kwa kitenge. Baba alibaki nyuma afunge duka, akasema atawakuta mbele. Hakuwakuta. Picha yake hawakuwa nayo hata moja. Kila Jumamosi kabla ya kuiwasha Njano, rafiki yangu aliifuta kwa kitambaa chenye maji, taratibu, kona kwa kona, na hakuna aliyemharakisha.

Ilikuwa Jumamosi ya zamu ya juu, likizo. Mama Mkongo alikuwa soko la Owino kwenye vitenge vyake, afande alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyepanga njama yote, nisijifiche. Nilikuwa nimechoka kubeba maneno. Nikamshawishi mtoto wa afande tuilete Nyeusi juu, tuichomeke kwenye televisheni ya rangi, tuione na Njano siku moja, saa moja, yaishe. Tuliibeba ndani ya beseni, tukaifunika kwa nguo chafu kana kwamba tunaenda kufua. Watoto sita wakitembea kimya kimya na beseni moja la nguo, kwa kweli sijui nani tulimdanganya.

Yaya alikuwa chumba cha ndani akipiga pasi gauni la kwaya. Kesho yake angeimba mbele kwa mara ya kwanza, peke yake, ubeti mzima. Alichungulia, akasema tu, "Musinivunjie kitu ya mama," akarudi kwenye pasi yake. Ndani ya nyumba kulikuwa na soketi moja ukutani, imechomekwa waya mrefu wenye matundu, na pasi, televisheni na gemu zote zilikunywa hapo.

Nyeusi ilikuwa na adapta yake, ile nzito yenye kiswichi cha kusogeza kuchagua nguvu ya umeme, maana ya asili ilikufa na fundi akawauzia hiyo. Tukachomeka. Tukatafuta chaneli, chengachenga, chengachenga, halafu ikaja.

Mbingu ilikuwa ya buluu. Sijui nikwambieje. Buluu kabisa, na majani ya kijani, na mtu mdogo mwenye nguo nyekundu anaruka. Mtoto wa afande mwenyewe alishika mdomo. Alikuwa amecheza mchezo ule mwaka mzima bila kujua kwamba mtu wake amevaa nyekundu. "Banange," alisema polepole, hata kutamba akasahau. Nami nikamwangalia rafiki yangu. Alikuwa anatazama kioo, halafu akaitazama Njano iliyokaa pembeni imefutwa vizuri, na akainamisha kichwa. Wenzake walitoka nje kubishana na kugawana muhogo, naye akawafuata nyuma akiburuta miguu.

Nikabaki peke yangu na gemu mbili. Nilimwonea huruma. Nikawaza, wakirudi wakute muziki wa Njano umeshaanza, apate la kujivunia, maana kwa muziki Nyeusi haikuifikia. Nikachomoa Nyeusi haraka. Adapta ya Njano ilikuwa nyuma ya kabati, imeviringishwa. Kuiendea, kuifungua, kutafuta tundu, niliona ni kazi ya mwaka mzima. Ile ya Nyeusi ilikuwa hapohapo, imeshachomekwa, na ncha yake ilikuwa saizi ileile. Nikaitia kwenye Njano. Iliingia vizuri. Nikawasha.

Hapakuwa na mlio. Ilikuwa harufu tu, ya plastiki iliyochomwa, na uzi mwembamba wa moshi kutoka pale kaseti inapokaa. Nikang'oa. Nikafungua dirisha, nikapepea kwa daftari, nikaiendea adapta ya Njano nyuma ya kabati, na unajua, haikunichukua hata nusu dakika. Nikaichomeka mahali pake, nikakaa mbali, mikono mapajani. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutulia ndani ya nyumba ile.

Walirudi, rafiki yangu akawasha, haikuwaka. Akapuliza kaseti, akabadilisha kaseti, akapuliza tena. Akaanza kuipapasa kama unavyompapasa mgonjwa. Nyeusi ilikimbizwa nyumbani ndani ya beseni, na mama Mkongo alipoingia na furushi lake kichwani alimkuta mwanawe amekaa sakafuni, na sisi tumesimama ukutani.

"Ya papa imekufa," rafiki yangu alisema.

Mama yake akauliza nini kilikuwa kimechomekwa. Mtoto wa afande, aliyekuwa amerudi mbio, akasema pasi. Hakuwa na ubaya wowote, alishamsikia baba yake akisema pasi inakula umeme. Wengine wakadakia, pasi, pasi. Yaya akatoka na gauni mkononi. Mama yake hakumuuliza yeye. Aliniuliza mimi, kwa sababu aliniamini.

"Wewe mutoto ya meli, ulikuwa hapa. Pasi ilikuwa inawaka?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli. Pasi ilikuwa inawaka. Nimelizungusha jibu lile kichwani miaka yote hii, na kila mara linakuwa la kweli na kila mara nainuka kutafuta sufuria ya kuosha.

Mama Mkongo hakupiga mtu. Alikaa juu ya furushi lake mlangoni, akamwambia yaya, "Kitu ya baba yenu. Kitu moja tu." Yaya akarudi ndani na gauni lake. Jumapili hakwenda kuimba. Gauni lilining'inia ukutani limenyooshwa upande mmoja, na sheria ikawekwa kwamba katika nyumba ile pasi haiwashwi mpaka kila kitu kingine kimezimwa.

Fundi wa Owino aliifungua Njano, akatikisa kichwa, akaifunga. Ikarudi kwenye meza yake. Rafiki yangu aliendelea kuifuta kila Jumamosi. Vita vya bombani vilikwisha, maana sasa gemu ilikuwa moja, na watoto wa juu walianza kushuka kwa afande kucheza kwenye kijivu. Mimi nikawa nachota maji ya mama Mkongo bila kuambiwa. Nikabeba, nikatwanga, nikafagia. "Mungu akubariki, mutoto ya meli," alinibariki kila siku, na mimi nikanywea kila siku. Mara ngapi nilifika mlangoni nimekata shauri kusema, nikaishia kuuliza kama jerikeni zimejaa. Mwaka uliofuata majina yao yakatoka kwenye orodha ya wakimbizi, wakapelekwa ng'ambo. Niliwaona wakipanda gari, na Njano ilikuwa mapajani mwa mama, imefungwa kwa kitenge.

Basi leo baada ya kanisa nimemwomba rafiki yangu namba ya yaya. Sikumweleza kwa nini. Nikashuka mpaka bandarini kwa miguu, kwa sababu nyumbani ningeosha sufuria mara ya nne. Mteremko wetu sijautambua. Upande wa juu wamejenga ukuta mrefu na ghorofa nyuma yake, chini ni maghala, na pale bombani pameegeshwa malori. Nikabonyeza namba, nikakata. Nikabonyeza, nikakata. Mara ya tatu akaipokea kabla sijaikata.

Alipiga kelele ya furaha, akaniuliza hali ya mama yangu, ya watoto, ya kazi. Nikamkatiza. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: adapta, harufu, dirisha, jibu nililompa mama yake. Nikamwambia, "Yaya, haikuwa pasi. Ni mimi."

Nikamsikia akivuta kiti, akaketi.

"Haikukuwa miye?" akauliza.

"Haikuwa wewe."

"Ngoja. Sema tena, batoto basikie."

Akaweka spika. Nikasema tena, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, maana watoto wake Kiswahili wanakisikia kwa mbali. Nikasikia wakishangilia, mmoja akipiga makofi, mwingine akimtania mama yake kwamba sasa hana kisingizio cha kuwazimia taa. Yaya alicheka nao sana. Halafu nikasikia mlango ukifungwa, na sauti zao zikabaki upande wa pili.

"Mama alipokuwa mugonjwa," akasema kwa sauti ya chini, "siku za mwisho, alinishika mukono. Akaniambia, ile mashini ya baba yenu, nimekusamehe."

Nilisimama katikati ya barabara na simu sikioni, lori likinipigia honi.

"Na wewe ulimwambia nini?" nikauliza.

"Nilimwambia asante."

Hakulia. Aliniuliza kama Port Bell bado kuna mukene, nikasema mukene bado wapo. Akasema atapiga siku nyingine, tukaagana vizuri, kwa heshima. Hakuniambia kama amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilipanda kurudi nikitafuta kando ya ule ukuta mahali mlango wao ulipokuwa, pale mama yake alipokalia furushi na kuniuliza swali lake. Nimekwenda na kurudi mara nne. Sijapaona.